Mita Sita

Miaka ishirini na mitatu nilishika ncha ya mnyororo,
mpimaji Kapend akishika ncha ya pili,
tukitembea Lubumbashi kama watu wawili wanaokunja shuka.
Ramani sikuisoma. Nilisoma mkono wake:
akiuinua, nasimama; akiushusha, nachimbia jiwe.
Hapa avenyu. Hapa mfereji. Hapa usiguse,
hapa watapita kwenda shule watoto ambao hawajazaliwa.

Siku hizi mji unapimwa kwa viatu.
Shefu anahesabu hatua, moja, mbili, kumi na tano,
anapokea noti, anapigia muhuri gotini,
na mwitu unarudi nyuma
kama mdaiwa aliyemwona mdai wake.

Binti yangu Mujinga amenunua huko, nyuma ya Kasapa,
ng'ambo ya ng'ambo,
ambako umeme ni nguzo mbili zinazoisubiri ya tatu.
"Baba, ni pakubwa," aliniambia. Ni kweli, ni pakubwa.
Anaamka saa tisa za usiku apeleke mikate soko la Kenya,
na nusu ya faida inaliwa na safari.
Mwanawe anaujua uso wa mama kwa mwanga wa tochi.

Walivunja kichuguu wapate udongo wa matofali.
Nilikuwepo. Kilikuwa kirefu kuliko nyumba iliyotoka ndani yake.
Sepetu ilipopasua tumbo, niliona
vichochoro vya kwenda, vichochoro vya kurudi,
bomba la hewa, ghala, chumba cha malkia,
wala hapakuwa na mlango uliotazama ukuta.
Mafundi wakamwaga maji, wakakanyaga, wakafyatua,
na kwa udongo uleule
tukajenga mtaa ambao njia yake inaishia jikoni kwa Ba Mwape.

Jikoni, ndiyo. Usiku Mwadi aliposhikwa na uchungu
tulimpakia kwenye toroli,
tukapita katikati ya sufuria tukiomba radhi,
tukakata kona chooni, tukakuta ukuta
ambao jana haukuwepo, simenti bado mbichi.
Mtoto alizaliwa palepale, kati ya tofali na tofali.
Bibi yake amemwita Kanjila, njia ndogo.

Nami najua, mjini kati, karibu na reli,
viwanja vitano nilivyovichimbia mawe kwa mkono huu.
Nyasi za kiunoni, lango limekula kutu,
mwenyewe yuko Ulaya, anangoja bei ipande.
Bomba la maji linapita chini yake, waya unapita juu yake,
na kila asubuhi watu wanatoka kilomita kumi na nane
kuja kufagia mbele ya lango hilo.

Msinisingizie. Sisemi watu wasijenge.
Anayenyeshewa haulizwi ramani.
Nasema njia itangulie nyumba
kama maji yanavyotangulia unga kwenye bukari:
ukianza na unga, utakoroga mabonge maisha yako yote.
Nasema kabla ya kukata mti mwingine
tuulize nyasi zile za mjini zinamlinda nani.

Juzi nilichukua kamba, mnyororo sina tena,
nikapima mbele ya nyumba ya Mujinga.
Mita sita za njia. Tatu zikatoka kwake.
"Baba," akasema, "wezi wengine huja usiku."
Nikachimbia kigingi mpakani,
nikangoja jirani naye atoe tatu zake.
Kisimba hakusema ndiyo, hakusema hapana.

Asubuhi nikakuta amefunga mbuzi kwenye kigingi changu.

Nilitaka kukasirika.
Halafu nikaitazama ile kamba:
inazunguka mita tatu kwake, mita tatu kwetu,
na ndani ya mduara ule, wiki ya pili sasa,
hakuna aliyeshusha tofali.